Tunanunua Kilimo Hai kwa Ajili ya Nani?



Mazungumzo ya leo yanahusu chakula cha kilimo hai, na swali lenyewe ni la mfukoni: je, kinastahili bei yake? Nenda kwenye maduka makubwa ya Masaki au Mikocheni jijini Dar es Salaam, au ukiwa Nairobi pita Westlands na Karen. Utakuta nyanya zimefungwa vizuri, zimebandikwa karatasi inayosema zimelimwa bila kemikali, na bei yake ni kubwa kuliko ya zile zilizopangwa mafungu gengeni. Mama mwenye watoto anasimama pale, anazitazama, anajiuliza: nikiziacha hizi, ninawalisha wanangu sumu? Na nikizinunua, nitabakiwa na nini cha kununulia maharage?

Wanaomjibu mama huyu kwa haraka wanamkosea. Wako wanaomwambia kwamba kilimo hai ni ujanja wa wafanyabiashara, na wako wanaomwambia kwamba asiponunua anaiua familia yake polepole. Mimi nasema hivi: chakula cha kilimo hai kina thamani ya kweli, lakini sehemu kubwa ya thamani hiyo inabaki shambani. Inabaki katika mwili wa mtu anayelima, katika udongo wake na katika maji ya kijiji chake. Tukilielewa hilo, tutajua lini tutoe pesa zetu na lini tuzitunze, na tutajua pia jambo gani tulidai kwa pamoja badala ya kila mmoja kujinunulia usalama wake peke yake.

Tuanze na kilimo chenyewe. Kilimo hai kina masharti. Mkulima hatumii mbolea za viwandani, hatumii viuatilifu vya kemikali za viwandani, wala hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anarutubisha udongo kwa samadi na mboji, anabadilisha mazao msimu hadi msimu, anachanganya kunde na mahindi, anafunika ardhi kwa majani makavu. Wadudu anawakabili kwa kuwalinda maadui wao wa asili, na inapobidi anatumia dawa za mimea kama mwarobaini, utupa na pareto. Pareto inaua wadudu, kwa hiyo anayekwambia kwamba mkulima wa kilimo hai hapulizi kitu chochote hajasema kweli yote. Vilevile, mkulima aliyekosa pesa ya mbolea, akalima ardhi iliyochoka mwaka baada ya mwaka bila kuirudishia kitu, hajafanya kilimo hai. Huyo analima umaskini. Kilimo hai kinataka maarifa mengi na jasho jingi, na hapo ndipo bei inapoanza kupanda: palizi ni ya mkono, samadi inabebwa, ukaguzi unalipiwa, na miaka ya mwanzo ya kubadilisha shamba mavuno hupungua kabla udongo haujapata nguvu.

Sasa twende kwenye lile linalotajwa kuliko yote: virutubisho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichambua tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa nguvu kuonyesha kuwa chakula cha kilimo hai kina lishe bora kwa kiasi cha kuonekana kuliko kile cha kawaida. Walichokiona wazi ni kwamba mabaki ya viuatilifu ni machache. Miaka miwili baadaye uchambuzi mwingine, uliochapishwa katika jarida la lishe la Uingereza, ulikuta mazao ya kilimo hai yana viondoa sumu vya asili vingi zaidi na madini ya kadimi kidogo zaidi, na kwamba mabaki ya dawa yalionekana mara nne zaidi katika mazao ya kawaida. Kwa hiyo kwenye vitamini wataalamu bado wanavutana, lakini kwenye mabaki ya dawa wanakubaliana.

Je, mlaji anaugua kidogo zaidi? Mwaka 2014 Waingereza walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 600,000 kwa miaka kadhaa, na hawakuona kwamba waliokula kilimo hai walipata saratani kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2018 Wafaransa walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 69,000, wakaona waliokula kilimo hai kwa wingi walipata saratani kidogo zaidi. Lakini watu hao mara nyingi ndio wenye kipato kizuri, wenye elimu na wenye kula mboga na matunda mengi, na watafiti wenyewe walionya kwamba ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo. Wakati huohuo, jambo ambalo halina ubishi ni kwamba kula mboga na matunda kunalinda afya. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Basi mama yule akiacha kununua mchicha kwa sababu mchicha wa kilimo hai umemshinda bei, atakuwa amepoteza faida iliyo hakika kwa kukimbia hatari ambayo kwake ni ndogo. Asifanye hivyo kabisa.

Lakini msikilizaji, nimesema hatari ni ndogo kwa mlaji. Tuondoke gengeni, twende shambani.

Chukua nyanya, zao linalopulizwa sana katika nchi zetu. Twende Ilula mkoani Iringa, au tuvuke mpaka twende Kirinyaga na Loitokitok. Nyanya hushambuliwa na bakajani wakati wa mvua na baridi, na mkulima hupuliza dawa za ukungu mara kwa mara. Ule unga mweupe au wa rangi ya manjano unaouona umeganda kwenye ngozi ya nyanya sokoni mara nyingi ndio mabaki yake. Mwaka 2014 likaja janga jingine. Nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliingia Tanzania na Kenya, na wakulima wa Tanzania wakampa jina la Kantangaze. Kiwavi wake hutoboa jani na tunda, akajificha humo ndani ambako dawa haimfikii kwa urahisi. Mkulima anapuliza, haoni nafuu, anachanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, anapuliza tena. Kiwavi anaizoea dawa, na mkulima anazidi kutumbukia kwenye deni la duka la pembejeo.

Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lakini lori la mnunuzi likifika leo na bei ikiwa nzuri leo, mkulima mwenye deni ataihesabu siku ipi? Atavuna. Hapo ndipo mabaki yanapomfikia mlaji, na mzizi wake ni uhitaji wa pesa zaidi kuliko ukatili wa moyo.

Na anayebeba bomba mgongoni ni nani? Mara nyingi ni kijana wa kibarua, hana glavu, hana barakoa, amevaa kandambili, upepo unamrudishia ukungu wa dawa usoni. Nguo zake zinafuliwa na mkewe pamoja na nguo za watoto. Chupa tupu ya dawa inageuzwa ya kuwekea mafuta ya taa, au inatupwa kwenye mfereji. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Aiwerasia Ngowi walichapisha utafiti juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 ya wakulima waliohojiwa walisema waliwahi kuumwa baada ya kupuliza dawa: ngozi kuwasha, kichwa kuuma, kizunguzungu. Na kila mwaka watu wengi duniani, wengi wao wakulima na vibarua, hupata madhara ya ghafla ya viuatilifu bila kukusudia.

Baadhi ya dawa hizo, nchi zinazoitwa za wenzetu zimekwisha kuzikataa. Klopirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika sana Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020 kwa hofu ya madhara katika ukuaji wa ubongo wa watoto. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukakataa pia kuendelea kuidhinisha mankozebu, mojawapo ya dawa za ukungu zinazojulikana sana kwa wakulima wetu wa nyanya na viazi. Msikilizaji, mimi na wewe tunakutana na mabaki kidogo kwenye kachumbari. Kijana wa bomba anakutana na dawa yenyewe, wiki baada ya wiki, tangu akiwa na miaka kumi na kitu. Tukinunua nyanya ya kilimo hai iliyo ya kweli, ni mapafu na ngozi ya kijana huyo tunayoyalipia kwanza.

Na ni maji pia. Milima ya Uluguru, pale Morogoro, ndiyo inayolisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Tangu mwaka 2011 kuna shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, SAT, ambalo limekuwa likiwafundisha wakulima wa maeneo hayo kilimo hai: kutengeneza matuta ya kuzuia udongo usiporomoke, kutengeneza mboji, kutengeneza dawa za mimea. Mkulima wa Uluguru akiuzuia udongo wake na asipopuliza sumu mlimani, mkazi wa Kimara anakunywa matunda ya kazi hiyo bila kujua. Nani amlipe mkulima kwa kazi hiyo? Bei ya ziada ya mboga zake ni njia mojawapo ya kumlipa.

Hata hivyo, kilimo hai hakiwezi kukukinga na kila kitu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya Mto Msimbazi na Mto Sinza, wakakuta ndani yake madini mazito, ikiwemo risasi. Mchicha unaweza kuwa haujapulizwa tone la dawa, lakini ukawa umemwagiliwa maji yenye uchafu wa viwanda na karakana. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki, kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Sumukuvu haitengenezwi kiwandani. Inatokana na kuvu wa asili wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kwa hiyo neno asili pekee lisitulaze usingizi. Mahindi yaliyokaushwa juu ya turubai na kuhifadhiwa pakavu yanaokoa maisha zaidi kuliko lebo yoyote.

Basi nikiwa na pesa kidogo, niziweke wapi? Anza kwa kukumbuka kwamba chakula chetu kingi hakijapulizwa sana. Mihogo, magimbi, viazi vitamu, maboga, nazi, ndizi za vibanja vya Kagera zinazolishwa kwa samadi na majani: usikubali kulipa bei ya ajabu kwa sababu tu mtu amebandika karatasi. Pesa yako ya ziada iweke kwenye mazao yanayopulizwa sana na kuliwa na ngozi yake: nyanya, pilipili hoho, kabichi, sukuma wiki, nyanya chungu, na hasa yale yanayoliwa mabichi na watoto wadogo au mama mjamzito. Usipoweza, osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono, menya nyanya, ondoa majani ya nje ya kabichi. Dawa iliyoingia ndani ya mmea haitoki kwa kuosha, lakini iliyoganda juu hupungua.

Pili, uliza. Neno "organiki" kwenye karatasi iliyochapwa dukani halina maana yoyote kama hakuna aliyekagua. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichokubaliwa mwaka 2007, na ina alama yake, Kilimohai. Kilikuwa kiwango cha pili cha kikanda duniani baada ya kile cha Umoja wa Ulaya, na kiliandaliwa na wakulima pamoja na mashirika ya viwango ya nchi zetu. Harakati za wakulima, kama TOAM kwa Tanzania, KOAN kwa Kenya na NOGAMU kwa Uganda, zilikuwemo katika kazi hiyo. Upo pia utaratibu nafuu wa vikundi, ambapo wakulima na walaji hukaguana wenyewe kwa kanuni zilizoandikwa, ili mkulima wa robo eka asilazimike kulipa mkaguzi kutoka mbali. Muulize muuzaji: zimetoka kijiji gani? Kikundi gani? Nani aliwakagua? Muuzaji wa kweli hufurahi kuulizwa. Anayekasirika, mwachie nyanya zake.

Wako watakaouliza: tukilima hivi sote, si tutakufa njaa? Hoja hiyo ni ya haki. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2012 ulionyesha mavuno ya kilimo hai huwa chini kwa asilimia 5 hadi 34, kulingana na zao na mazingira. Na Sri Lanka walitufundisha kwa uchungu: mwaka 2021 serikali yao ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla, mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha ikabidi amri itenguliwe. Udongo hauponi kwa amri. Lakini maarifa yakitangulia, mambo hubadilika. Katika majaribio ya muda mrefu yaliyoanza mwaka 2007 huko Thika na Chuka, Kenya, mahindi ya kilimo hai yaliyopata mboji na samadi ya kutosha yalikaribiana na yale ya mbolea za viwandani. Na huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walibuni tangu miaka ya 1990 kilimo cha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembezoni. Desmodiamu inamfukuza nondo wa bungua na kudhoofisha kiduha, matete yanamvuta nondo nje ya shamba, na ng'ombe anapata malisho. Hiyo ni sayansi iliyofanyika hapa kwetu, na maelfu ya wakulima wadogo wanaitumia.

Msikilizaji, nimalizie na jambo linaloniumiza. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba asilimia 10 ya shehena za maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe zinapoingia, kwa sababu mabaki ya dawa yalionekana yamezidi kiwango. Wasafirishaji, serikali na wakulima walihangaika kurekebisha mambo ili wasipoteze soko. Maana yake ni nini? Maana yake inawezekana. Tunajua kupima, tunajua kumfundisha mkulima siku za kusubiri, tunajua kumwajibisha mnunuzi, pale mlaji anapokuwa London au Amsterdam. Mlaji wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, au la Gikomba, Nairobi, ana ini lilelile na watoto walewale. Kwa nini nyanya yake isipimwe?

Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwezi Novemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai wa kufikia mwaka 2030. Karatasi zipo. Tunachokihitaji ni nyanya na kabichi za masoko yetu makubwa zipimwe mara kwa mara, na matokeo yasomwe hadharani kama zinavyosomwa bei za mazao. Dawa zilizokataliwa kwingine kwa sababu ya watoto ziondolewe na kwetu. Maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Afisa ugani afike shambani kabla ya muuza dawa, na kijana wa bomba apewe glavu na barakoa kama anavyopewa bomba.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue kilimo hai, nasema: ukiweza, na ukiwa umehakikisha, nunua, na ujue unamlipa mkulima kwa kulinda mwili wake na maji yako. Usipoweza, nunua mboga za gengeni, zioshe vizuri, wape watoto wale washibe, na usijilaumu hata kidogo. Lakini mwenye uwezo asidhani kwamba akishalipa bei ya juu amemaliza wajibu wake. Chakula kisicho na sumu ni haki ya kila mtu, na haki haiuzwi kwa waliobahatika. Diwani wako akija kuomba kura, muulize ni lini mara ya mwisho nyanya za soko lenu zilipimwa, na usimkubalie aondoke bila jibu.